Sprinkla za bustani zinakatwa na mashine ya majani kila mara: tatizo ni mkataji au ni fundi aliyezifunga?

MzeeWaKisimani (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nina bustani ya wastani huku Mbezi Beach, ukoka umekaa vizuri, na nimefunga zile sprinkla za kuchomoza, zinazopanda maji yakija na kujificha yakikatika. Kero yangu ni hii: kijana akimaliza kukata majani, hazikosi moja au mbili zilizokwenda. Nyingine kofia imeliwa na kisu, nyingine shina limekatwa katikati, ukifungua maji yanaruka hadi ukutani. Fundi anakuja, anafukua, anafunga mpya palepale kwa mtindo uleule. Baada ya muda mfupi tunarudi kulekule.

Maji ni ya kisima, yanapanda kwenye simtanki iliyo juu ya mnara, halafu yanashuka bustanini. Kuna anayenishauri nizungushie zege kila sprinkla. Kuna anayesema nimkate kijana hela ndipo atakuwa makini. Kabla sijafanya lolote naomba mawazo ya wanaozijua hizi kazi. Karibuni.

SautiYaKijiwe
Mzee chukua mpira, kaa kwenye kiti, mwagilia mwenyewe jioni huku unasikiliza redio. Presha yako itashuka na hela ya fundi itabaki mfukoni.

BombaTupu
Mzee wangu, shikamoo. Weka pembeni zege na mshahara wa kijana kwanza, nijibu haya. Maji yakifungwa, sprinkla zote zinarudi chini, au kuna zinazobaki zimesimama? Ulishawahi kukuta tii (kile kiungio cha bomba chenye njia tatu) iliyo chini ya udongo nayo imepasuka? Mnara una urefu gani, na kuna pampu kati ya tanki na bustani?

MzeeWaKisimani
Marahaba. Nimefungua na kufunga asubuhi hii nikiwa nimesimama palepale. Upande wa getini zinarudi zote. Upande wa nyuma kuna kadhaa zinabaki zimechungulia, ukizikanyaga kidogo ndipo zinashuka. Tii imewahi kupasuka, tena ilitusumbua, tulifukua hadi kwenye bomba kubwa. Mnara ni mita 6. Pampu ya bustani hakuna, maji yanashuka yenyewe.

BombaTupu
Basi jibu umeshalitaja. Sprinkla iliyorudi chini sawasawa, kisu kinapita juu yake bila kuigusa. Inayokatwa ni ile iliyobaki imechungulia.

Sasa kwa nini inabaki? Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa presha ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Mnara wako wa mita 6 unatoa bar 0.6, na hapo hujatoa inayopotea kwenye urefu wa bomba na kona zake. Sprinkla ndogo za kunyunyiza zimetengenezwa zifanye kazi kwenye bar 2 hivi, na zile kubwa zinazozunguka zinataka kama bar 3. Ukizipa presha ndogo, shina linapanda nusu, raba ya shingoni haijibani, maji yanavuja pembeni badala ya kutokea kwenye nozeli, yaani kitundu cha kunyunyizia. Maji hayo ni ya kisima, yana mchanga. Chembe zinajipenyeza kati ya raba na shina. Ukifunga maji springi inavuta shina lirudi, lakini limeshabanwa, linaishia njiani. Zile sentimita 2 au 3 zilizobaki juu ndizo kisu kinazisubiri.

Upande wa getini upo karibu na tanki, ndiyo maana zinapata nguvu. Nyuma ni mwisho wa laini ya bomba. Ukimkata kijana hela nyuma zitaendelea kubaki juu, na mkataji mwingine atakuja kuzikata vilevile.

Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, na chujio kwenye laini ya bustani. Wakati unajipanga kwa hayo, zivute zile zinazokwama, fungua kofia, toa shina na springi, osha kwa maji safi, safisha na raba kwa mswaki laini. Kukiwa na ukoko mweupe wa chumvi, loweka kwenye siki. Usipake grisi wala mafuta ya kupikia kama wanavyofanya baadhi yetu, yanateleza kwa muda halafu yanakusanya mchanga maradufu.

MpembaMaskati
Assalaam aleykum jamaa. Mimi nipo Maskati, kazi yangu ni matengenezo ya bustani za majengo. Alosema BombaTupu ni sahihi, nami naongeza la jua. Plastiki ikipigwa na jua la huku, kofia hukauka ikawa inavunjika kwa kuguswa tu, hata kisu hakijafika. Ukiona kofia imepauka na ina nyufa nyembamba, ibadilishe mapema.

Na kuna jaribio jepesi. Inua shina kwa mkono mpaka mwisho, liachie. Likirudi kwa mara moja, zima. Likirudi kwa uvivu, raba au springi imechoka. Wala huna haja ya kufukua: fungua kofia, toa vya ndani vyote, tia vya ndani vipya vya aina ileile kwenye kopo, yaani gamba la nje la sprinkla lililomo ardhini. Ndiyo maana miye husema mtu asichanganye makampuni kwenye bustani moja. Ukiwa na Rain Bird iwe Rain Bird, ukiwa na Hunter iwe Hunter, kwani vya ndani vya mmoja havikai kwenye kopo la mwengine.

MzeeWaKisimani
Kumbe unaweza kubadilisha bila kufukua! Fundi wangu kila siku anakuja na sururu.

BombaTupu
Ukimlipa kwa shimo, atachimba shimo 😂

GadenaWaNgong
Hapo kwa springi mmesema ukweli, lakini huku Nairobi shida yetu huja kwa njia ingine. Nyasi yetu ni ile ya Kikuyu, inatambaa juu na chini ya udongo, inajifuma mpaka unakanyaga kitu kama godoro. Miaka ikienda, sprinkla zinamezwa. Maji hayatoki vizuri, yanapiga nyasi. Basi mwenye nyumba anaambia fundi aziinue zitokee juu ya nyasi. Fundi anainua. Wiki inayofuata mashine inapita, na mnajua kilichobaki.

Kimo cha sprinkla hupimwa kwa udongo, hakipimwi kwa majani. Kofia ikae sawa na udongo uliokandamizwa, ukipitisha ubao juu yake usikwame. Kama majani yako ni marefu na yanazuia maji, usiinue kopo. Badilisha uweke yenye shina refu. Kuna za inchi 4 na kuna za inchi 6, na za maua huwa mpaka inchi 12. Ya inchi 6 inalala chini sawa tu na ile ya inchi 4, ila ikipanda inatoka juu ya nyasi.

Na mkipanda nyasi mpya kwa udongo mwingi wa kuletwa na lori, ngojeni ukae kwanza. Udongo ukishuka, sprinkla inabaki imetokeza, na mtasema imeinuka yenyewe.

MsimamiziWaSaiti
Wote mmesahau zege. Mimi nimeweka kwenye nyumba kadhaa na halijaniangusha. Chukua kipande cha bomba la inchi 3, kisimamishe katikati ya beseni la plastiki lenye upana wa sentimita 20 hivi, mwaga zege la kokoto ndogo unene wa sentimita 5. Likianza kushika, zungusha bomba utoe. Mwagilia kwa wiki nzima lisipasuke. Unapata pete nzito, unaivika kwenye sprinkla, majani hayafiki tena shingoni na gurudumu la mashine linapita juu yake.

Tengeneza pembeni ukavike. Usimwage zege palepale kuzunguka sprinkla, siku ikivunjika utahitaji nyundo.

MkataNyasi
Naomba kuongea kwa niaba yetu tunaokata. Hiyo pete ya zege ni nzuri ikikaa sawa na udongo. Ikiinuka hata kidogo, kisu changu kinakula zege. Ninyi mnaona sprinkla imepona, mimi naona kisu kimepata mapengo na kokoto imeruka kuelekea miguuni kwangu au kwenye kioo cha gari lako.

Halafu tusisahau kwamba nyumba nyingi hapa Dar hatukati kwa mashine ya magurudumu. Tunakata kwa ile ya kuvaa begani. Ile haina gurudumu la kupita juu ya pete. Wengine wanafunga kisu cha chuma cha meno matatu hata kwenye ukoka mfupi. Hicho kikigusa sprinkla, imekwenda, iwe imerudi chini au haijarudi, kwa sababu mkono unapanda na kushuka. Kwenye bustani yenye sprinkla mwambie kijana afunge kamba ya nailoni. Kamba nayo ikizunguka muda mrefu shingoni inaparua kofia, lakini haikati kwa pigo moja. Na kuzunguka kofia yenyewe tumia mkasi wa majani. Ni kazi ya dakika chache kama mtu anajua ziliko.

Hilo la kujua ziliko ndilo kubwa. Tunaitwa, geti linafunguliwa, tunaambiwa "kata". Hakuna anayetuonyesha chochote. Sprinkla imefunikwa na majani, nitaionaje? Baadaye naambiwa nimevunja mali ya watu.

Bongo_Dallas
MkataNyasi umeongea point. Hiyo ya kokoto kuruka siyo utani. Viwango vya usalama vya Marekani vinaweka kikomo cha kasi ya ncha ya kisu cha mashine hizi kwenye futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 350 kwa saa. Hicho ndicho kinachokutana na zege lako.

Mimi nipo Texas, hapa kila nyumba mtaani ina hizi sprinkla, na wakataji wanakuja na mashine za kupanda zinazogeuka palepale zilipo. Huku adui mkubwa ni gurudumu kuliko kisu. Mashine nzito ikigeuka juu ya sprinkla inaisukuma kando. Kopo ni gumu, halivunjiki, nguvu yote inashuka chini kwenye maungio. Mzee, ile tii yako iliyopasuka ndiyo habari yenyewe: nadhani fundi wako amesimamisha nipo (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi) ngumu ya PVC moja kwa moja kutoka kwenye bomba kubwa hadi kwenye sprinkla.

Huku sprinkla haikai juu ya bomba kubwa. Inakaa pembeni yake, na katikati panaunganishwa kipande cha bomba jembamba jeusi linalopinda, kama sentimita 30 hadi 50, lenye elbo kila upande. Ukiikanyaga inashuka, ukiisukuma inasogea, tii haipati habari. Na siku ukitaka kuiinua au kuishusha, unafukua kidogo tu na kuisogeza kwa mkono, hukati bomba.

La mwisho ni ukingo. Kanuni za hapa Texas zinakataza kufunga sprinkla mpya karibu zaidi ya inchi 4 na zege, lami, msingi wa nyumba au uzio. Sababu za kanuni ni upotevu wa maji, lakini faida ya pili ni kwamba gari likikanyaga ukingo wa njia na mtu akinyoosha majani pembezoni, hawaifikii.

MzeeWaKisimani
Ndivyo ilivyo, nipo imesimama wima juu ya tii. Na za pembeni ya maegesho zimegusana kabisa na tofali za njia.

Swali kwa BombaTupu: hilo bomba jeusi linalopinda tunalipata hapa kwetu? Na nipo iliyokatikia ndani ya tii naitoaje bila kubomoa kila kitu?

BombaTupu
Maduka ya vifaa vya umwagiliaji wa matone wanalo, ukikosa lile lenyewe tumia bomba jeusi laini la nusu inchi na viungio vyake. Kagua tu uimara, kwa sababu ukishaweka pampu presha itapanda, na bomba la matone jembamba sana litapasuka.

Nipo iliyokatikia ndani: fukua upana wa kutosha mikono miwili, chini ya tii zaidi ya juu, ili maji machafu yakae chini yasirudi ndani ya bomba. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, chora mfereji mmoja ndani ya nipo iliyobaki, taratibu, usifike kwenye nyuzi za tii. Halafu bana ukingo wake kwa koleo ndogo, ukunje kuelekea ndani, zungusha. Mara nyingi inatoka. Kuna chuma maalumu cha kung'olea nipo, chenye mistari, unagonga ndani na kuzungusha kwa spana, ukikipata kwa fundi mwenzako azima.

Ukifunga mpya, usiweke nozeli kwanza. Fungua maji yatoke wazi mpaka yawe meupe, ndipo uweke chujio dogo na nozeli. Mafundi wengi wanaruka hapo, udongo ulioingia wakati wa kufukua unaenda kuziba sprinkla ya mwisho wa laini, halafu wanaitwa tena. Tepu nyeupe inatosha kwenye nyuzi, kaza kwa mkono na kidogo tu. Gundi ya bomba usiiguse hapo.

SautiYaKijiwe
Nilikuja kutania, sasa nimechukua kalamu.

MamaWaMaua
Samahanini naingilia. Jirani yangu anapulizia dawa ya kuua majani kuzunguka kila sprinkla, anapata duara kavu linaloonekana vizuri. Hiyo mnaionaje?

GadenaWaNgong
Dada, duara litaonekana, lakini dawa ya kuua majani ya namna hiyo haichagui ukoka na gugu, upepo ukivuma unapata madoa ya manjano kila mahali. Tena udongo ukibaki wazi, maji ya sprinkla yanauchimba, unapata kidimbwi cha matope shingoni na mchanga unaingia ndani. Mimi natumia kipande cha bomba la chuma la inchi 4, mdomo mmoja umenolewa kwa grainda. Unalivika juu ya sprinkla, unalizungusha kwa mikono miwili, linakata mizizi, unaondoa kile kipande cha nyasi. Ikirudi unakata tena. Kwa nyasi ya Kikuyu inarudi haraka, kwa ukoka wenu nafikiri mtapumzika zaidi.

MpembaMaskati
Na msikate bustani ikiwa mbichi. Udongo ukiwa laini gurudumu huzama, kisu nacho hushuka, na sprinkla iliokuwa salama jana leo inakatwa. Tazameni hasa sehemu ya chini ya mteremko. Maji yalobaki kwenye bomba hutokea kwenye sprinkla ya chini kabisa kila ukifunga, hapo pakawa matope daima. Kuna sprinkla zenye valvu ndogo ndani ya kuzuia hayo. Ni ghali kidogo kuliko za kawaida, lakini hazihitajiki zote, hizo za chini tu.

MkataNyasi
Mteja wangu mmoja Tegeta ana utaratibu ninaoupenda. Siku ya kukata, kabla sijawasha mashine, anafungua kila laini kwa dakika moja. Naziona zote zikipanda, nazihesabu, anafunga, zinazokwama tunazisukuma chini pamoja, na nachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu pembeni ya zile ngumu kuonekana. Dakika moja hailowanishi udongo wa kunizamisha. Ikikatika moja baada ya hapo, mimi mwenyewe nasema ni yangu. Lakini bila hivyo, mtu akitaka kunikata hela naondoka, siku hizi kazi zipo.

MsimamiziWaSaiti
Hapo kwenye hela sikubaliani sana. Mtu akijua hakuna gharama, anakimbiza mashine.

Bongo_Dallas
Akionyeshwa akavunja, alipe. Asipoonyeshwa, alipe nini? Na kama sprinkla imebaki juu kwa sababu ya presha ya bar 0.6, basi deni ni la aliyefunga mfumo bila pampu.

MsimamiziWaSaiti
Sawa, kwa hiyo ya Mzee nakubali. Pete zangu za zege lakini ziko palepale 😄

BombaTupu
Pete haina ubaya ikija mwisho. Kwanza presha na chujio, pili kimo sawa na udongo, tatu hicho kipande cha bomba linalopinda. Baada ya hapo weka pete kwenye zile za kona na za karibu na maegesho, na iwe chini ya udongo kidogo tu, kama unene wa kidole. Ukianza na pete kwenye sprinkla isiyorudi, umeizungushia ulinzi huku shina lake bado limesimama katikati ya zege.

MzeeWaKisimani
Nimekaa na kijana leo tukafanya kama MkataNyasi alivyosema, tumezungukia laini zote. Zinazokwama zote ziko nyuma, kama BombaTupu alivyotabiri. Tumezifungua mbili, raba zimejaa mchanga na ukoko wa chumvi. Kwenye siki sasa hivi. Fundi nimemwambia aje bila sururu.

Swali la mwisho kabla sijaenda dukani: chujio linakaa kabla ya pampu au baada? Na liwe la aina gani?

BombaTupu
Baada ya pampu, kabla ya valvu za bustani. La wavu, lenye matundu ya mikroni 130 hivi (kama sehemu ya nane ya milimita), linatosha kwa sprinkla za kuchomoza. Chagua lenye mfuniko unaofunguka kwa mkono na kibomba cha kutolea uchafu chini, elekeza kwenye migomba. Weka vipimo vya presha viwili, kimoja kabla na kimoja baada ya chujio. Tofauti kati yake ikianza kukua, lioshe, usisubiri sprinkla zianze kuchungulia.

Na simtanki usisahau. Bomba la kutolea maji likiwa chini kabisa linavuta tope lote lililotulia. Liinue sentimita 10 kutoka sakafuni mwa tanki, na tanki lenyewe lioshwe.

MzeeWaKisimani
Linatokea chini kabisa. Kesho napanda mnarani.

SautiYaKijiwe
Mpeleke kijana apande, mzee. Wewe shika ngazi.